Nisome masta ya uongozi, au nirudi kwenye mwani wa mama?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja ya serikali hapa Tanga mjini. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili na mdogo ana miaka minne. Shahada yangu ya kwanza ni ya Sayansi na Ualimu, nilimaliza 2013 kwa GPA ya 3.4. Tangu hapo sijashika kitabu cha chuo zaidi ya vile ninavyofundishia kidato cha tano na cha sita.

Mwaka huu nimeamua kusoma masta. Kuamua hakukunisumbua. Ninachokosea usingizi ni kujua nisome nini.

Mkuu wangu wa shule ananishauri nichukue uzamili wa uongozi na utawala wa elimu. Anasema walimu wengi waliotoka darasani wakawa maafisa walipita huko, na kwamba nitasoma nikiwa kazini, nalala kwangu. Mwenzangu mmoja wa ofisini ameniletea kingine: chuo cha nje kinachotoa masta kwa mtandao ndani ya miezi minane, hakuna utafiti, hakuna safari, ada kwa awamu. Anasema cheti kikishafika hakuna atakayeuliza kimepatikanaje.

Moyo wangu, Mwalimu, uko kwingine. Kwetu ni Moa, wilaya ya Mkinga. Mama analima mwani tangu mimi niko shule ya msingi, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kamba zile anazofungia mwani. Zamani walipanda kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri. Sasa kotoni inawafia. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, na bamvua linalofuata, yaani siku za maji makubwa ya kupwa na kujaa, wakishuka pwani wanakuta kamba tupu. Wengi wamehamia spinosamu, aina nyingine ambayo inavumilia zaidi, lakini bei yake haifiki hata karibu. Kila nikienda likizo akina mama wananizunguka: "Wewe si umesomea viumbe hai? Mwani wetu una nini?" Sina jibu. Nawafundisha watoto wa watu usanisinuru, na mwani wa mama yangu siwezi kuueleza.

Nilipomwambia mama nataka kusomea mwani chuo kikuu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mwani unasomewa? Mimi shahada yangu mbona hawaniletei?"

Niliwaandikia wahadhiri wawili kwa barua pepe. Niliwatumia wasifu wangu, nikawaeleza nataka kufanya utafiti kuhusu mwani na kuwaomba wanisimamie. Kimya mpaka leo.

Mume wangu anafanya kazi bandarini. Hanikatazi, ila neno lake ni moja: soma hapahapa. Nami chuo cha mambo ya bahari hapahapa sikioni. Akiba yangu ya kikoba ni milioni tatu na nusu. Jambo la mwisho naliandika kwa aibu. Kuna kijana ana steshenari mjini, anawaandikia watu tasnifu kwa malipo. Nawajua wawili waliohitimu kwa mkono wake. Takwimu nimesahau zote, na kuna usiku nilifikiri labda na mimi nitaishia kwake.

Nisaidie. Nichague programu ipi? Na utafiti wa maana unaweza kufanywa na mtu aliye Tanga, au ni lazima nihame?

Mwalimu wa Makorora, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kalamu mkononi, kama nilivyozoea kusoma kazi za wanafunzi. Uongozi wa elimu umeupa sentensi mbili, zote za mkuu wako wa shule. Mwani umeupa nusu ya barua. Kwa hiyo sitakuchagulia, umeshachagua. Kilichobaki ni kuona kama ulichochagua kinasomeka, wapi, na kwa gharama gani.

Kwanza tumalizane na yale mepesi.

Chuo cha miezi minane kiache. Cheti cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili kitambuliwe, na mtumishi wa umma asiyekuwa na utambuzi huo ana karatasi tu. Mwenzako anasema hakuna atakayeuliza; wapo watu kazi yao ni kuuliza hilo. Halafu piga hesabu. Katika mfumo wetu shahada ya kwanza ni ngazi ya nane, uzamili ni ya tisa, uzamivu ni ya kumi, na uzamili hauwi chini ya krediti 180. Krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, yaani kusikiliza mihadhara, kusoma, kuandika, maabara na uwandani, vyote pamoja. Hizo ni saa 1,800. Mwalimu mwenye vipindi na watoto akipata saa ishirini kwa wiki amejikamua, na hapo anahitaji wiki tisini. Hao wa miezi minane saa zao wanazipata wapi?

Kijana wa steshenari naye muache auze madaftari. Vyuo hupitisha tasnifu kwenye programu za kompyuta za kunasa maandishi ya kuiba, na chuo kina uwezo wa kufuta shahada hata baada ya mahafali. Lakini hata asingekamatwa mtu, fikiria kwako: umlipe mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Moa akuandikie kwa nini kotoni inakufa, kisha urudi kwa akina mama na kitabu chenye jalada jeusi. Watakuuliza swali lilelile, na safari hii utakuwa na masta. Unachoogopa ni takwimu tu, na takwimu hufundishwa. Programu nyingi za uzamili zina somo la mbinu za utafiti kwa sababu wanafunzi wengi wanaingia kama wewe, wameshasahau.

Kuhusu uongozi wa elimu, sitaki nieleweke ninaudharau. Ni fani yenye maswali yake, na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina kituo hapo Tanga kwa ajili ya watu walio kazini. Ungeniandikia kwamba unawaona watoto wa kike wa Pongwe wakiacha shule na una fikra ya namna ya kuwazuia, ningekuambia kajiandikishe. Ila nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri umuulize uzamili wa namna hii na ule wa sayansi vinahesabiwaje kwenye cheo na mshahara wa mwalimu. Maneno ya ofisi ya walimu kuhusu vyeo huwa na chumvi.

Sasa mwani.

Naomba nikuambie kwa nini wale wahadhiri wawili hawakujibu. Huenda wana shughuli, huenda barua ilipotelea kwenye takataka. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza, mimi pia nisingejua nikujibu nini. "Nataka kufanya utafiti kuhusu mwani" haimwambii mtu kama yeye ndiye wa kukusaidia. Mwani unasomwa na watu ambao hata chakula cha mchana hawali pamoja. Anayepima joto la maji, chumvi na mikondo ni mtu wa fizikia ya bahari. Anayetafuta bakteria kwenye tawi jeupe ni mtu wa maikrobiolojia. Anayeuliza kama mbegu imechoka, kwa kuwa mwani wetu hupandwa kwa kukata kipande cha tawi na kukifunga tena, kizazi juu ya kizazi, huyo ni wa jenetiki. Kwa nini bei ya spinosamu iko chini na nani anaipanga? Hapo umetoka baharini umeingia uchumi wa kilimo, na chuo chako kinaweza kuwa Sokoine, Morogoro. Nani ana haki ya kipande cha pwani ambacho mama yako amekilima miaka yote hiyo? Hilo ni la sheria, au la sosholojia. Mmea ni uleule, na milango ni sita au zaidi.

Ndiyo sababu nakukataza kuanza na orodha ya programu. Orodha za vyuo zimepangwa kwa majina ya shahada, na jina la shahada halikuambii nani yuko ndani anafanya nini. Anza na swali. Swali litakuchagulia idara, idara itakuonyesha watu, na kwa hao watu ndipo utajua ujaze fomu ipi.

Swali lako lipo kwenye barua, ila hujaliona kuwa ni swali. Umesema inakufa kotoni na spinosamu inavumilia. Je, kotoni inakufa yote? Kwa kila mkulima? Kila mwezi? Mimi si mtu wa mwani, lakini sijawahi kuona shamba linalokufa sawasawa. Lazima kuna mama mmoja ambaye kamba zake zinapona kuliko za jirani yake, na lazima wenzake wana maneno kuhusu jambo hilo, yawe ya uchawi au ya mkondo wa maji. Kaa na mama yako jioni moja umhoji kama usiyemjua. Nani anapona? Amepanda wapi, karibu na ufuo au kule maji yanakotembea? Alianza kuona weupe mwezi gani? Mvua zilikuwa zimeshika? Usimfundishe chochote. Andika anavyosema.

Wataalamu wameshaandika kwamba ule weupe hutokea mwani unapozidiwa na joto, au chumvi ya maji inaposhuka, au mwanga unapozidi, kisha bakteria wanaingia kumalizia. Kwa hiyo huendi kugundua kwamba joto ni baya. Unakwenda kujua joto kiasi gani, kwa muda gani, mahali gani, katika maji ya Moa, na kama kuna sehemu ya pwani yenu inayolikwepa. Hilo ni dogo, linapimika, na sijui mtu mwingine aliye na sababu ya kulifuata kama wewe.

Tazama pia kalenda, kwa maana hapa una bahati ambayo hujaihesabu. Shule zinafunga Juni na Desemba. Juni ni kusi, maji yamepoa na mwani unanawiri. Desemba kaskazi imeanza na joto linapanda. Likizo zako mbili zinaangukia pande mbili za msimu. Tatizo ni Februari na Machi, joto linapokuwa kali zaidi na wewe uko darasani unafundisha usanisinuru. Hapo kuna vipimajoto vidogo vinavyofungwa kwenye kamba na kurekodi vyenyewe kila saa. Unavifunga Desemba, unavitoa baadaye. Na uzito wa mwani unaweza kupimwa na akina mama wenyewe kwa mizani kila bamvua, ukiwafundisha kuandika. Usipange siku za uwandani kwa kufuata Jumamosi. Bahari haijui Jumamosi. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na maji mafu, yasiyopwa sana, yakiingia hakuna shamba la kufikia. Ukiliweka hilo kwenye pendekezo lako la utafiti, msomaji atajua anashughulika na mtu wa pwani.

Umeuliza kama ni lazima kuhama ili kufanya utafiti wa maana. Mwanangu, mkoa wako umepekuliwa na watafiti kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Wajerumani waliweka taasisi ya biolojia na kilimo Amani, juu ya Muheza, mwaka 1902. Mkonge uliingizwa 1893 na Richard Hindorf. Ilisalimika miche 62, na kutoka hapo Tanga nzima ikabadilika sura. Utafiti wa mkonge na udongo unaendelea Mlingano. Korogwe na Bagamoyo ndivyo vilikuwa vituo viwili vya Tanzania katika majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Na wavuvi wenu kwa nyavu zao za jarife wamemtoa silikanti, samaki ambaye mpaka 1938 wanasayansi waliamini ametoweka zama na zama. Hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa Tanga 2009. Kwa hiyo mahali si tatizo. Tatizo ni kwamba maabara, maktaba na wasimamizi wa mambo ya bahari wako kwingine, na kwa muda fulani itabidi uwafuate.

Kwa swali la namna hii mlango wa kwanza kubisha ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iko Unguja, ilianzishwa 1978, na inafundisha uzamili na uzamivu. Wa pili ni skuli ya sayansi za majini na teknolojia ya uvuvi ya chuo hichohicho, Dar es Salaam. Utafiti wa mwani katika chuo hiki una mizizi. Profesa Keto Mshigeni alikuwa akiuandikia na kuuhubiri kabla ya kilimo cha biashara kuanza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika taasisi hiyo ya Unguja, ameandika miaka mingi juu ya vifo vya kotoni na juu ya kupanda kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija. Yasome maandishi yao kabla hujamwandikia mtu yeyote. Mengi yanapatikana bure mtandaoni, na orodha ya marejeo ya mwisho itakupa majina ya wanaofanya kazi hiyo sasa.

Ukishasoma, andika barua nyingine. Iwe fupi, na kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya idara, lakini mwendo wake uwe huu:

"Mimi ni mwalimu wa Biolojia Tanga, mzaliwa wa Moa. Wakulima wa mwani kijijini kwetu wanapoteza kotoni kila kaskazi, ila wanasema kamba za upande fulani hufa kidogo. Nimesoma makala yako kuhusu jambo hili. Ulipima joto karibu na ufuo, nami najiuliza ingekuwaje kama vipimo hivyo vingechukuliwa sehemu zote mbili. Nina njia ya kukusanya data Juni na Desemba, na wakulima walio tayari kupima katikati. Unapokea wanafunzi wa uzamili mwaka ujao? Kama swali hili haliko kwenye kazi zako, unaweza kunielekeza kwa mwenzako?"

Upande gani na makala ipi utajaza mwenyewe. Huo ni mfano tu. Sentensi ya mwisho usiifute. Mhadhiri asiyeweza kukuchukua hukosa jibu la kutoa, akanyamaza. Ukimpa njia ya kukuelekeza kwa mwingine, mara nyingi atakujibu. Akikaa kimya kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu. Kukumbusha si utovu wa nidhamu, ingawa sisi watu wa pwani tunaona haya.

Akijibu, usifurahi mpaka ukasahau kumchunguza. Uliza wanafunzi wake wa zamani walimaliza kwa muda gani, na sura waliyompelekea ilirudi baada ya siku ngapi. Kuna wasimamizi wenye majina makubwa ambao sura ya pili wanaikalia mpaka mwanafunzi anasahau aliandika nini. Afadhali mhadhiri kijana anayesoma kazi yako kuliko profesa unayemwona kwenye picha.

Utaulizwa pia njia gani. Uzamili hapa kwetu una njia mbili kubwa: masomo ya darasani na tasnifu, au utafiti mtupu tangu mwanzo. Watu watakushawishi uchukue utafiti mtupu kwa sababu unaonekana unakuacha nyumbani. Kwa hali yako sikushauri. Umekaa miaka mingi nje ya chuo, takwimu zimekutoka, kemia ya bahari hujawahi kuisoma. Ukiingia kwenye utafiti mtupu utaachwa peke yako na kompyuta, na huko ndiko watu wanakoanza kutafuta namba za kijana wa steshenari. Chukua darasa. Kwa sifa usiogope: kiwango cha chini kinachotajwa sana kwa kuingia uzamili ni GPA ya 2.7, na wewe una 3.4.

Hapo ndipo tunamgusa mume wako. "Soma hapahapa" kwa njia hii haitawezekana nusu ya safari. Miezi ya darasa utakuwa Unguja au Dar, na mtoto wa miaka minne ni mdogo. Sitajifanya hilo ni jepesi. Ila mweleze kwa mpangilio huu: darasa ni kama mwaka mmoja wa masomo, na linafuatiwa na utafiti ambao wote uko Mkinga, yaani karibu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote angesoma bahari. Ukimwambia "nakwenda chuo miaka miwili" atasikia miaka miwili ya nyumba bila mama. Ukimwekea miezi kwenye karatasi, na nani atakuwa na mtoto mwezi upi, mtakuwa na kitu cha kujadili. Na kama mwaka huu mtoto hawezi kuachwa, subiri mwaka mmoja ukisoma makala na kupima joto. Mwani hautakuwa umepona.

Ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi kabla ya kuripoti chuo, si baada. Mwalimu aliyeondoka kwa ruhusa ya mdomo huitwa mtoro siku mkuu wa shule akihamishwa. Barua ya maombi ipite kwa mkuu wako, ifike kwa mkurugenzi, na uulize kama masomo yako yanaweza kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Fedha. Milioni tatu na nusu usizimalize kwenye ada ya muhula wa kwanza halafu ukasubiri miujiza. Chukua jedwali la ada la chuo, ongeza chumba, nauli, vipimajoto, mashua siku za maji makubwa, gharama za maabara na uchapaji. Utafiti wa bahari una gharama ambazo mwenzako wa uongozi wa elimu hazijui. Muulize msimamizi swali ambalo wanafunzi wetu wanaona aibu kuliuliza: una mradi wenye fungu la mwanafunzi wa uzamili? Uzamili mwingi wa sayansi hulipwa hivyo. Shirika la Ujerumani la DAAD hutoa ufadhili wa masomo ya juu kwa watu wa ukanda wetu. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yenye makao Zanzibar, ina mfuko wa ruzuku za utafiti unaoombwa kwa ushindani, na pendekezo lenye swali la kweli kutoka kijiji cha kweli halianzii nyuma.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Mama yako atakuwa ndani ya utafiti wako. Usichague kamba zake na za mashoga zake tu. Chagua mashamba kwa utaratibu ambao msimamizi ataukubali, na sema wazi kwenye tasnifu kwamba mkulima mmoja ni mzazi wako. Barua ya chuo itakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani Mkinga, ifike serikali ya kijiji. Usiirukie hiyo njia kwa sababu mwenyekiti ni mjomba. Na kabla hujafunga kipimajoto cha kwanza, waeleze akina mama utawarudishia nini na lini, kwa Kiswahili, na kama hawatapata jibu waambie hivyo pia. Wametembelewa na watu wa madaftari kabla yako.

Vyeti na transkripti yako vitoe kabatini leo uangalie majina yanafanana. Kama jina la ndoa liko kwenye kimoja na halipo kwenye kingine, anza na kiapo cha mahakamani, kwa sababu hilo huchukua muda kuliko fomu yenyewe. Tafuta watu wawili wa kukudhamini kitaaluma, mmoja awe aliyekufundisha chuo. Wengi wao wamestaafu, kwa hiyo waanze kutafutwa sasa. Na nenda Moa bamvua lijalo na daftari.